Dume kanyamaza: nisubiri mpaka lini?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, naishi Missouri, na huu ni mwaka wangu wa pili kuwinda bata mzinga wa porini majira ya kuchipua. Kila mara mambo huenda vilevile. Alfajiri dume anawika, namwita, ananijibu, anasogea hadi kama mita mia hivi, halafu kimya. Nakaa weee, nachoka, na nikiinuka tu namwona anatimua mbio. Wenyeji ninaowinda nao wananiambia "subiri". Nisubiri mpaka lini? Na kusubiri kwenyewe ni kukaa tu? Halafu mwanangu wa miaka 9 anataka tufuatane. Ataweza?

JIBU: Ndugu yangu, hapo uliposema unainuka na kumwona anatimua mbio umejijibu mwenyewe. Dume hakuwa ameondoka. Alikuwa njiani, au amesimama karibu kabisa anamtafuta kwa macho huyo jike aliyemsikia. Methali za subira umekaririshwa tangu chekechea, sina haja ya kuzirudia. Nitakueleza ndege anafanya nini katika hizo dakika unazoziona tupu, maana ukishajua hilo utajua mwenyewe lini ukae na lini uondoke.

Kuna jambo ambalo wageni wengi wa uwindaji huu hawaambiwi. Kwa desturi ya ndege hawa, jike ndiye anayemfuata dume. Dume huwika akiwa bado mtini alikolala, akashuka, akasimama mahali penye uwazi na kujitutumua: mkia umetandazwa, ncha za mbawa zinaburuzwa chini, kichwa kinageuka rangi mara nyekundu, mara nyeupe, mara buluu. Majike wakimsikia humwendea. Sasa wewe uliyekaa chini ya mti unaiga sauti ya jike, unamtaka avunje desturi yake. Anakuja mpaka pale ambapo kwa hesabu zake jike angekuwa ameshamwona, anasimama, anajitutumua, anangoja. Hiyo ndiyo mita mia yako. Hajakukataa, anataka umalizie safari. Basi mnangojana, na yeye hana kikombe cha kahawa kinachomsubiri garini.

Kwa hiyo anaponyamaza, ana sababu zake, na nyingi hazina uhusiano na makosa yako. Huenda yuko na majike tayari na haoni faida ya kupiga kelele. Huenda ni dume mdogo kwa cheo anayeogopa kupigwa na mkubwa wake, hivyo anakuja kimyakimya kuiba bahati. Huenda ni mzee aliyekwishaponea chupuchupu msimu uliopita. Kumbuka pia kwamba kila anapowika anawaambia koyote, wale mbwa mwitu wa Amerika, mahali alipo. Dume wengi wanaouawa baada ya saa 3 asubuhi huingia bila kutoa hata sauti moja, na mwindaji anayengoja kusikia ndipo ajiandae huwaona wakiwa wameshamwona.

Tuje kwenye saa, maana hapo ndipo swali lako lilipo. Usiitazame saa yako, tazama ratiba ya jike. Jike hutaga mayai 10 hadi 12 hivi, takriban moja kwa siku, kisha huatamia kwa siku 28. Katika siku za kutaga, asubuhi na mapema huwa na dume, halafu jua likishapanda huchepuka mmojammoja kwenda kwenye kiota chake chini, kwenye majani au vichaka. Dume aliyekuwa na wake wanne saa 1 anaweza kujikuta peke yake saa 4. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba alfajiri kulikuwa na jike mmoja akilia upande ule wa kilima, na hakuja. Masikio yao ni ya ajabu katika kupima sauti imetoka wapi. Anarudi karibu kabisa na ule mti wako, na kwa bahati mbaya wewe saa hiyo uko mgahawani unasimulia jinsi alivyokuchezea.

Ndiyo maana nasema kwa msimu wa Missouri, ambao hufunguliwa Jumatatu ya tatu ya Aprili na kwenda siku 21, saa nzuri si alfajiri peke yake. Alfajiri ina utamu wa kusikia, hilo sibishi. Lakini kama unaruhusiwa na kazi yako, kipindi cha kuanzia saa 3 hadi saa 5 ndicho ningekilinda kwa wivu. Angalia sheria ya mahali unapowinda: kwenye ardhi ya umma mwisho ni saa 7 mchana, na kwenye ardhi ya watu binafsi tangu 2025 unaruhusiwa hadi jua kuzama. Kitabu cha kanuni cha Idara ya Uhifadhi hutoka kila mwaka, usitegemee cha mwaka jana.

Tarehe nayo ina neno. Madume huwika kwa wingi katika vipindi viwili: kwanza makundi ya majira ya baridi yanapovunjika na majike bado hawajawa tayari, kisha tena majike wengi wanapokuwa wameshaanza kuatamia. Katikati ya hapo kuna siku ambazo msitu unaonekana umehamwa. Wiki hizo ndizo zinazowatoa watu roho. Ndege wako palepale, ila madume wameshiba. Wiki ya mwisho watu wengi wameshakata tamaa, dume mpweke anazunguka, na jike wako wa bandia anakuwa mali.

Sasa nikupe vipimo. Dume akikujibu, akasogea, akanyamaza, mpe saa nzima tangu mlio wake wa mwisho. Nusu saa ya kwanza usimwite kabisa, au umwite mara moja tu kwa sauti ya chini. Kama hakuwahi kusogea lakini uliona alama zake hapo jana yake (nyayo, manyoya, mistari ya mbawa mavumbini, kinyesi cha dume ambacho huwa kirefu na kimepinda mwishoni), mpe saa mbili. Na kama saa 1 alikwenda zake na majike, nenda unywe chai yako, lakini saa 3 na nusu uwe umerudi kwenye mti uleule. Hivi si vipimo vya mbinguni, utavirekebisha kwa macho yako mwenyewe. Navitoa kwa sababu mtu aliyechoka dakika 15 huziona kama saa moja, na bila saa ya mkononi utajidanganya.

Kosa ninaloliona zaidi kwa ninaowafundisha ni kuita kupita kiasi. Dume akinyamaza, mwindaji anaona amempoteza, anachukua kisanduku chake cha kuitia na kukisugua kama fundi seremala. Fikiria upande wa dume: amesikia jike analia, amejibu, jike anazidi kulia, yaani anakuja. Basi atakaa palepale amngoje. Ukinyamaza wewe, anaingiwa na wasiwasi kwamba jike anamponyoka. Kimya chako ndicho kinachomvuta ile mita mia ya mwisho.

Kama mikono inawasha na lazima ufanye kitu, acha kisanduku, chukua majani makavu. Bata mzinga anapokula huparura majani kwa mguu mmoja mara moja, kisha mguu wa pili mara mbili, kisha anasimama na kutazama. Kwa hiyo kwa vidole vyako, pembeni ya paja ambako hapaonekani: shwaa... shwaa-shwaa. Kimya. Subiri dakika kadhaa. Ongeza mkoromo mdogo wa koo kwa kibao cha kuitia, wa chini kiasi kwamba mtu wa mita 50 asingeusikia. Hiyo ni sauti ya jike aliyeshiba, asiye na haraka, anayekula na kusogea taratibu. Kwa dume aliyesimama nyuma ya mwinuko, hakuna sauti inayomshawishi kuliko hiyo.

Lakini kazi kubwa ya wakati wa kungoja ni kusikiliza. Dume anayejitutumua karibu hutoa mlio mfupi wa kutema, ukifuatwa na mvumo wa chini sana unaousikia kifuani kabla ya masikioni, kama gari kubwa linalonguruma mbali barabarani. Ukiusikia, yuko ndani ya mita 60 au pungufu, na usipumue kwa mdomo. Nyayo zake kwenye majani makavu ni za mtu anayetembea bila haraka: hatua, hatua, anasimama. Kindi hukimbia na kusimama kwa fujo, na atakudanganya mara nyingi, zoea tu. Sikiliza pia kunguru. Wakianza kumzomea kitu chini, mara nyingine ni bundi, mara nyingine ni yeye.

Macho yake ndiyo yatakayokuumbua. Yamekaa pande zote mbili za kichwa, anaona sehemu kubwa ya duara bila kugeuka, na akigeuza shingo kidogo amemaliza duara zima. Anaona rangi vizuri kuliko sisi. Kunusa si fani yake, kwa hiyo upepo usikuumize kichwa kama wanavyohangaika nao wawinda kulungu. Mwendo ndio unaoharibu mawindo yako. Geuza macho kwanza, kichwa baadaye, na kichwa chenyewe polepole kiasi cha kukuudhi. Bunduki iwe juu ya goti muda wote, mtutu ukielekea alikosikika mwisho. Kama unatumia mkono wa kulia, kaa ili bega la kushoto lielekee upande huo, kwa sababu mwili hugeuka kushoto kwa urahisi kuliko kulia. Barakoa na glovu ni lazima. Uso wetu mweusi nao hung'aa kwa jasho, usidhani umesalimika. Sogeza bunduki pale tu kichwa chake kinapopita nyuma ya shina la mti, au anapogeuka na mkia wake uliotandazwa ukamziba macho. Na nunua mto mzuri wa kukalia. Nasema kwa dhati kabisa: makalio yanayouma yamewaokoa bata mzinga wengi kuliko koyote walivyowaua.

Si kila kusubiri kuna maana, na hapa sikubaliani na wanaokuambia ukae tu. Kama kati yenu kuna kijito, uzio wa seng'enge au korongo, anaweza kukaa ng'ambo akiwika hadi mchana bila kuvuka. Ana mbawa, lakini kwa ajili ya jike mmoja mvivu hatazitumia. Hapo rudi nyuma kwa siri, zunguka, ukae upande wake. Kama milio yake inazidi kufifia kwa dakika 20 mfululizo, ameongozwa na majike, nawe unaweza kuzunguka mbali umtangulie wanakoelekea. Na ukisikia "pat!" moja kavu, kali, basi ameshakuona, siku yake na yako hapo imekwisha, angalau kwa saa kadhaa.

Subira pia huanza jana yake, kwa kuchagua mti. Nenda jioni, jua likizama, sikiliza wanaporuka kulala. Ukiiga mlio wa bundi, dume mara nyingi hujibu bila kufikiri. Kesho yake kaa mahali ambapo dume akiweza tu kukiona kile anachokitafuta, awe tayari yuko ndani ya mita 35: nyuma kidogo ya mgongo wa kilima, au kwenye kona ya njia ya msituni. Ukikaa kwenye uwanda anakoona mita 150, atasimama kwenye mita hizo 150, aone hakuna jike, na hakuna kiasi cha subira kitakachomleta. Nikikisia tu kutokana na maelezo yako, hili ndilo tatizo lako nusu nzima. Weka sanamu ya jike kama eneo lako ni la wazi, mita 15 hadi 20 kutoka kwako, angalau apate cha kutazama zaidi yako.

Na akishaonekana, ngoja tena. Hapa ndipo vijana huharibu. Dume anayejitutumua ameikunja shingo ndani ya manyoya, na shabaha yako kwa bunduki ya marisau ni kichwa na shingo tu. Mwache asogee, kisha toa mlio mmoja mfupi. Atanyoosha shingo kutazama. Hakikisha nyuma yake hakuna ndege mwingine wala mtu. Hakikisha ndevu za kifuani (kile kishungi cha manyoya magumu kinachoning'inia) unaziona, kwa sababu Missouri inaruhusu dume au ndege mwenye ndevu peke yake, wawili kwa msimu, na wiki ya kwanza mmoja tu. Zaidi ya mita 35 mwache apite hata kama roho inakutoka, mpaka uwe umeijaribu bunduki yako kwenye karatasi na kuona marisau yanavyotawanyika. Ukishampata, mripoti kwa simu au programu ya Idara kabla ya saa 4 usiku siku hiyohiyo. Kama wewe ni Mwislamu, bismillahi hutangulia kufyatua, na ukimkuta bado ana uhai mchinje. Mengine muulize sheikh wako.

Mambo mawili ya usalama siwezi kuyaruka. La kwanza, usiifuate kamwe sauti ya bata mzinga kwa kunyatia, kwa sababu huenda ni mwindaji mwenzako anayeita, naye ameshikilia bunduki. Usivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, hata soksi. Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Ukimwona mtu anakuja, usimpungie mkono. Kaa tuli, mwite kwa sauti kubwa kwa maneno ya kawaida. Ukibeba ndege wako, mfunike kwa kitambaa cha rangi ya chungwa.

La pili ni kupe. Mtu anayekaa chini kwa muda wa saa tatu kwenye msitu wa Missouri mwezi Mei ni karamu yao. Yuko mmoja, jike lake lina doa jeupe mgongoni, ambaye anaweza kukusababishia mzio wa nyama nyekundu unaoitwa alfa-gal. Hebu fikiria Mtanzania asiyeweza kula mbuzi. Nyunyizia nguo zako permethrini siku moja kabla zikauke, kwenye nguo tu na si mwilini, chomeka suruali ndani ya soksi, na ukirudi nyumbani jikague kila kona.

Wenyeji wakikuambia "subiri", fahamu pia kwamba jimbo lenyewe lilisubiri. Mwanzoni mwa karne ya 20 uwindaji usio na mipaka na ukataji misitu ulikuwa umekaribia kuwamaliza ndege hawa hapa. Majaribio ya kufuga vifaranga na kuwaachia porini yalishindwa, kwa kuwa waliolelewa na watu hawakujua kuishi. Kilichofanikiwa ni kuwanasa wa porini kwa nyavu zinazorushwa na kuwahamishia misitu mingine, kaunti kwa kaunti, kuanzia miaka ya 1950. Msimu wa kwanza wa kisasa ulifunguliwa 1960, ukatoa ndege 94 jimbo zima. Baadaye wakawa wa maelfu kwa makumi, ingawa miaka hii vifaranga wanaofika kukua wamepungua na wawindaji wakongwe wananung'unika. Ndiyo maana usione uchungu kumwachia kijana wa mwaka mmoja mwenye ndevu fupi za sentimita chache apite zake.

Kuhusu mwanao. Missouri ina wikendi ya vijana mapema Aprili, kabla ya msimu mkubwa, kwa walio na miaka 6 hadi 15, naye katika umri wake lazima awe na mtu mzima mwenye kibali bega kwa bega. Usimtake akae kama wewe. Nunua au azima hema la kujificha, lile jeusi ndani. Humo anaweza kujikuna, kunong'ona na kugeuka bila ndege kuona, kwa kuwa vitambaa haviwatishi bata mzinga hata kidogo. Avae nguo nyeusi ili asionekane dirishani. Beba maandazi kwenye kitambaa, sio biskuti za pakiti inayochakarika. Mpe kazi: yeye ndiye wa kuparura majani, yeye ndiye wa kuhesabu milio. Saa mbili zinamtosha. Akianza kulalamika baridi, ondokeni, hata kama dume anawika ng'ambo ya kilima, na wewe urudi peke yako siku nyingine saa 3 na nusu.